Nyumba ya kuunganishwa ya bei nafuu: Mambo ambayo kikundi kinafaa kuzingatia kabla ya kununua

KUMILIKI nyumba ni ndoto ya wengi, lakini bei ya ploti, mawe, saruji na malipo ya mafundi huwafanya wafanyakazi wengi wa mapato ya kadiri kuzeeka katika nyumba za kukodi. Ndiposa baadhi ya ndugu, marafiki, walimu wa shule moja, wauguzi wa kituo kimoja na wanachama wa vyama vya akiba huamua kuunganisha nguvu, wakanunua ploti moja na kusimamisha nyumba moja ya kuishi pamoja.

Kwa vikundi kama hivi, nyumba za kuunganishwa, yaani zile ambazo kuta, paa na sakafu zake huundwa kiwandani na kufikishwa kwenye ploti zikiwa vipande, huwa na mvuto mkubwa. Husimamishwa kwa siku au majuma machache, hazihitaji vibarua wengi, na bei yake hutajwa mapema.

Hata hivyo, rahisi ikiwa ghali hujulikana siku ya kwanza, ilhali rahisi iliyo mbovu hujulikana baada ya masika mawili. Kikundi kinachotumia akiba ya miaka kumi kununua nyumba isiyofaa hupoteza pesa, na mara nyingi hupoteza urafiki pia. Makala haya yanaeleza aina za nyumba hizi, mpangilio unaofaa watu wengi, gharama zisizotajwa na wauzaji, na taratibu za kisheria zinazomlinda kila mchangaji.

Si jambo geni

Nyumba za aina hii zina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Nairobi ilikuwa kambi ya reli, maafisa wengi waliishi katika nyumba za mbao na mabati zilizoinuliwa juu ya nguzo. Nchini Uingereza, serikali ilipitisha sheria ya makazi ya muda mwaka 1944, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya nyumba 156,000 za kuunganishwa zikasimamishwa kwa ajili ya familia zilizokosa makao. Nyumba hizo zilikusudiwa kudumu takriban miaka 10, lakini baadhi yake ziliendelea kukaliwa hadi karne ya 21.

Hapa Kenya, Shirika la Kitaifa la Nyumba (NHC) lilianzisha kiwanda cha paneli za ujenzi katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kampuni za kibinafsi nazo huuza nyumba za mbao, za paneli za bati, za fremu za chuma na za kontena kuukuu.

Kuishi pamoja chini ya paa moja nako si jambo geni. Nyumba ya Kiswahili inayopatikana Majengo mjini Mombasa na Pumwani jijini Nairobi ilijengwa kwa mtindo huo tangu zamani: ukumbi katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kila mpangaji alikuwa na mlango wake, na ua ulikuwa wa wote. Atakayechagua nyumba ya kuunganishwa kwa ajili ya kikundi ana mengi ya kujifunza kutokana na mpangilio huo.

Aina tano zinazopatikana

Nyumba za mbao: Hizi ndizo nyepesi kusafirisha na rahisi kurekebisha, kwa kuwa fundi wa mbao hakosekani karibu popote. Aidha, mbao hazipati joto kali kama bati. Adui zake ni mchwa, unyevu na moto. Mnunuzi ahakikishe kwamba mbao zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu na kukaushwa vyema, na kwamba sakafu imeinuliwa ili hewa ipite chini yake na mchwa waonekane wanapopanda.

Nyumba za paneli za bati: Paneli hizi ni mabati mawili membamba yaliyobanwa pamoja na povu gumu katikati. Husimamishwa haraka mno na ndizo zinazotumika sana kama ofisi za muda kwenye maeneo ya ujenzi. Unene wa bati hupimwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hupotoka: kadiri nambari ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Anayeambiwa kwamba geji 32 ni bora kwa sababu nambari ni kubwa anahadaiwa.

Nyumba za paneli za povu na zege: Huu ndio mtindo wa kiwanda cha Mavoko. Paneli ya povu jeupe jepesi hufunikwa kwa wavu wa waya pande zote mbili, ikasimamishwa juu ya msingi, kisha ikapigwa lipu nzito ya saruji ndani na nje. Ikimalizika, nyumba haitofautiani kwa macho na ya mawe. Hukinga joto na baridi vizuri, lakini huhitaji mafundi waliofunzwa kazi hiyo, maji na saruji kwenye ploti, na haiwezi kuhamishwa. Lipu ikiwa nyembamba au ikipigwa ovyo, kuta hupasuka.

Nyumba za fremu za chuma chepesi: Mifupa ya nyumba ni vyuma vyembamba vilivyopakwa zinki, ambavyo hukatwa kwa mashine na kufungwa kwa skrubu. Mbao za saruji hufunika nje na mbao za jipsamu ndani, na katikati huwekwa pamba ya mawe. Mchwa hawali chuma, na nyumba inaweza kupanuliwa. Bei hutegemea sana kinachowekwa katikati ya kuta. Wauzaji wanaopunguza bei mara nyingi huiacha nafasi hiyo tupu.

Nyumba za kontena: Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9 na upana wa mita 2.35, yaani eneo la karibu mita mraba 14. La futi 40 lina karibu mita mraba 28. Chuma chake ni imara, lakini nguvu yake imo kwenye nguzo nne za pembeni na kuta zenyewe. Fundi akikata ukuta mzima ili kupanua sebule bila kuongeza vyuma vya kushikilia, paa huanza kulegea. Isitoshe, sakafu za mbao za kontena nyingi hutiwa dawa kali za kuua wadudu, na baadhi ya kontena zimebeba kemikali. Ni heri kuuliza historia ya kontena, na kubadilisha sakafu au kuifunika kabisa kabla ya mtu kulala humo.

Vipimo kabla ya picha

Picha za wauzaji huonyesha nyumba ikiwa tupu, na nyumba tupu huonekana kubwa. Kikundi kinafaa kuanza na vipimo.

Chukulia watu wazima sita wanaotaka kila mmoja awe na chumba chake. Chumba cha mita 3 kwa 3 hutosha kitanda, kabati na meza ndogo. Vyumba sita vya kipimo hicho ni mita mraba 54. Ongeza sebule na jiko la pamoja la mita mraba 20, bafu na vyoo viwili vyenye jumla ya mita mraba 8, na ukumbi wa kupitia wa mita mraba 10. Jumla ni mita mraba 92. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita mraba 464, hivyo nyumba hiyo inaenea na ua ukabaki wa kuanika nguo, kuweka tangi na kupanda sukuma wiki.

Kwa upande wa kontena, hesabu ni tofauti. Upana wa mita 2.35 ukishawekewa kinga ya joto pande zote mbili hubaki karibu mita 2.2. Ukiukatia njia ya ndani ya sentimita 90, kinachobaki ni mita 1.3 tu, ambacho hakitoshi chumba cha mtu kuishi. Kwa sababu hiyo kontena hufaa kikundi pale tu vyumba vinapopangwa kwa safu, kila kimoja na mlango wa nje, na baraza ndefu yenye paa mbele yake.

Jambo la pili ni sauti. Ukuta mwepesi hupitisha sauti kuliko ukuta mzito, na hili ndilo chanzo cha ugomvi mwingi katika nyumba za pamoja. Muuguzi wa zamu ya usiku hulala mchana, ilhali mwenzake anasikiliza redio. Njia ya kupima ni rahisi: wanakikundi wawili waitembelee nyumba iliyokwisha kusimamishwa, mmoja aingie chumba cha pili na kuzungumza kwa sauti ya kawaida huku milango imefungwa. Ikiwa kila neno linasikika, ukuta huo unahitaji pamba ya mawe na mbao mbili za jipsamu kila upande. Aidha, kuta za vyumba zifike hadi kwenye paa, zisiishie kwenye dari, kwa kuwa sauti huruka juu ya dari.

Jambo la tatu ni foleni ya asubuhi. Choo na bafu vikiwa chumba kimoja, anayeoga huwazuia wote. Vikitenganishwa, watu wawili huhudumika kwa wakati mmoja bila gharama kubwa ya ziada. Jiko nalo likiwekwa karibu na mlango wa nyuma, kama ulivyo ua wa nyumba ya Kiswahili, harufu na moshi havitasumbua vyumba.

Hali ya hewa na udongo

Nyumba iliyompendeza mtu wa Limuru yaweza kuwa tanuri kwa mtu wa Malindi. Katika Pwani, hewa ya chumvi hula chuma, hususan kwenye matundu ya skrubu na sehemu zilizokatwa baada ya kupakwa zinki. Anayejenga huko achague skrubu zisizoshika kutu, achunguze rangi kila mwaka na kuziba mikwaruzo mapema. Ili kupunguza joto, paa la rangi nyeupe au ya kung'aa, paa la pili lililoachiwa nafasi ya hewa, baraza pana na madirisha yanayotazamana ni nafuu kuliko viyoyozi, ambavyo bili yake haikomi. Nyavu za kuzuia mbu ziwekwe tangu mwanzo.

Katika nyanda za juu kama Limuru na Nyahururu, tatizo ni kinyume. Usiku wa baridi, pumzi za watu waliolala hugeuka matone ya maji kwenye bati lisilo na kinga, yakadondoka kitandani na kuzalisha ukungu kwenye nguo. Kinga ya joto na matundu ya kupitisha hewa karibu na paa huondoa tatizo hilo.

Udongo nao usipuuzwe. Maeneo mengi ya Athi River, Kitengela na Embakasi yana udongo mweusi unaovimba unaponyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Baadhi ya wauzaji husema nyumba nyepesi haihitaji msingi wa maana. Ukweli ni kwamba udongo huo unapovimba huinua nyumba nyepesi kwa urahisi zaidi, milango ikakataa kufungika na paneli zikaachana. Suluhisho ni kuondoa udongo huo na kujaza changarawe, au kusimamisha nyumba juu ya nguzo zinazofika kwenye tabaka gumu. Vilevile, nyumba nyepesi lazima ifungwe kwenye msingi kwa boliti ili upepo usiing'oe.

Moto: swali lisilongoja

Wanapolala watu wengi chini ya paa moja, moto huwa hatari kuliko katika nyumba ya familia ndogo. Mnamo Septemba 2024, moto katika bweni lililojengwa kwa mbao kwenye Shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, uliwaua wanafunzi 21. Msiba huo ulikumbusha nchi jinsi moto unavyoenea haraka katika majengo mepesi yenye vitanda vingi.

Povu linalotumika katika paneli nyingi huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za selsiasi, na likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Povu lililofunikwa kwa saruji pande zote lina kinga kubwa kuliko lililofunikwa kwa bati jembamba. Kwa nyumba ya paneli za bati, paneli zenye pamba ya mawe ni ghali zaidi lakini pamba hiyo haiwaki. Mnunuzi adai cheti cha upimaji wa moto cha paneli anazouziwa, wala si cha bidhaa nyingine ya kampuni hiyo hiyo.

Tahadhari nyingine hazigharimu sana. Kila chumba kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita. Vyuma vya kuzuia wezi viwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani, badala ya kuchomelewa kabisa. Nyumba iwe na milango miwili ya kutokea. Mtungi wa gesi ukae nje na mpira upitishwe ukutani. Ving'ora vya moshi viwekwe ukumbini na karibu na vyumba.

Umeme katika nyumba ya chuma unahitaji uangalifu wa pekee, maana waya ukichubuka, ukuta mzima waweza kubeba umeme. Fremu iunganishwe na ardhi kwa waya maalum, na kuwe na swichi inayokata umeme papo hapo unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

Bei iliyotajwa na bei kamili

Bei ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya kuta, paa, milango na madirisha pekee. Msingi, usafiri, kreni ya kushusha, nyaya, mabomba, vyoo, tangi la maji taka, rangi na ada za kibali huwa nje. Baadhi ya bei hazijajumuisha ushuru wa VAT, ambao ni asilimia 16. Anayeagiza kutoka ng'ambo ataongezea ushuru wa forodha, ada za uagizaji, tozo ya reli, gharama za bandari, na gharama za uhifadhi endapo stakabadhi zitachelewa.

Chukulia watu sita waliochanga Sh300,000 kila mmoja na kupata Sh1.8 milioni. Wakiagiza nyumba ya Sh1.8 milioni, watabaki na kuta zilizolala kwenye nyasi. Ni busara nyumba yenyewe isizidi theluthi mbili ya mfuko, yaani Sh1.2 milioni, na Sh600,000 ziachiwe msingi, huduma na dharura. Hata hapo, bei hiyo ikiwa haina VAT, Sh192,000 zitatoka kwenye akiba hiyo kabla ya jembe kugusa udongo.

Umri wa nyumba pia uhesabiwe. Nyumba ya Sh1.2 milioni itakayodumu miaka 15 inagharimu Sh80,000 kwa mwaka. Ya Sh1.8 milioni itakayodumu miaka 40 inagharimu Sh45,000 kwa mwaka. Kikundi cha vijana wanaotaka makao ya muda karibu na kazi chaweza kuchagua ya kwanza bila kosa. Kikundi cha wanaokaribia kustaafu hakina budi kutazama ya pili, kwa maana hakitakuwa na mshahara wa kujenga upya.

Maji, umeme na maji taka

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba mtu huhitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku ili kutimiza mahitaji ya msingi. Watu sita basi wanahitaji lita 300 hadi 600. Tangi la lita 5,000 litawatosha kati ya siku 8 na 16 maji ya mfereji yanapokatika. Paa la nyumba liwe na mifereji ya kuvuna mvua tangu mwanzo.

Pasipokuwa na bomba la maji taka, tangi lijengwe kwa kuzingatia idadi ya watu, wala si idadi ya vyoo. Kisima kikiwepo, choo cha shimo kiwe mbali nacho, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

Kuhusu umeme, bei ya yuniti kwa wateja wa nyumbani hupanda kadiri matumizi ya mita moja yanavyoongezeka kwa mwezi. Watu sita kwenye mita moja wanaweza kujikuta wakilipa kiwango cha juu ilhali kila mmoja wao hutumia umeme kidogo. Mita ndogo kwa kila chumba hazibadilishi bei hiyo, lakini huonyesha nani ametumia nini na kuondoa lawama.

Ardhi ni ya nani?

Swali hili lajibiwe kabla ya yote. Katika sheria, kitu kilichoshikamanishwa na ardhi kwa kawaida huwa sehemu ya ardhi hiyo. Watu watano wakichanga na kusimamisha nyumba kwenye ploti ya mwenzao wa sita bila mkataba, siku watakapotofautiana huenda wakabaki na risiti tu mikononi.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua njia mbili za watu kumiliki ardhi pamoja. Ya kwanza ni umiliki usiogawika, ambapo mmoja akifariki sehemu yake huwaendea waliosalia. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, njia hii ni ya mume na mke pekee, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Ya pili ni umiliki wa mafungu, ambapo kila mmoja ana fungu lake linalotajwa kwenye hatimiliki na fungu hilo hurithiwa na jamaa zake. Kikundi cha marafiki au ndugu huangukia njia hii ya pili. Ni muhimu mafungu yaandikwe kulingana na mchango wa kila mtu.

Njia ya tatu ni chama cha ushirika wa nyumba, ambacho husajiliwa na kumiliki ardhi kwa jina lake. Vyama vya aina hii vimeunganishwa chini ya mwavuli wa NACHU, ulioanzishwa mwaka 1979. Ya nne hufaa ikiwa kila mwenye sehemu ana makao kamili yenye jiko na choo chake: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 huruhusu kila sehemu kupata hatimiliki yake, na wenye sehemu wote kuunda shirika la kusimamia njia, ua na mali nyingine ya pamoja.

Ikiwa ploti imo katika eneo la kilimo, ununuzi unahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na huenda matumizi ya ardhi yakahitaji kubadilishwa rasmi. Msako katika afisi ya usajili wa ardhi ufanywe kabla ya senti yoyote kutolewa.

Baadhi ya wauzaji huwaambia wateja kwamba nyumba ya kuunganishwa haihitaji kibali kwa kuwa ni "ya muda". Huo ni upotoshaji. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ujenzi upate idhini ya serikali ya kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) husajili miradi na wanakandarasi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Ramani iliyochorwa na msanifu majengo na kuidhinishwa na mhandisi ndiyo itakayoinusuru nyumba siku ya ukaguzi, na ndiyo kampuni ya bima itakayoiulizia nyumba ikiungua.

Mkataba wa wakaazi

Baada ya hatimiliki, wanakikundi waandikiane mkataba mbele ya wakili wakiwa bado wanacheka pamoja. Mkataba ueleze angalau mambo yafuatayo:

Mosi, mchango wa kila mmoja, na kama anayechukua chumba kikubwa ataongeza pesa.

Pili, atakayetaka kuondoka atalipwa vipi, nani atathmini fungu lake, na katika muda gani. Wanaosalia wapewe nafasi ya kwanza ya kulinunua.

Tatu, mmoja akifariki, warithi wake wataingia chumbani au watalipwa fungu lao.

Nne, anayeoa au kuolewa, na anayetaka kuleta mzazi au mtoto, atafanya nini. Jambo hili huonekana dogo hadi siku linapotokea.

Tano, mchango wa kila mwezi wa ukarabati, ambao usiguswe kwa mahitaji mengine. Rangi, skrubu na mapengo ya paa hayangoji mkutano.

Sita, njia ya kusuluhisha mizozo kabla ya kwenda mahakamani.

Kumkagua muuzaji

Muuzaji halisi ana kiwanda au karakana inayoweza kutembelewa, na nyumba alizowahi kusimamisha ambazo wenyewe wako tayari kuzionyesha. Kikundi kitembelee nyumba iliyokaa angalau miaka mitatu, saa nane mchana jua likiwa kali, na ikiwezekana siku ya mvua. Wakaazi waulizwe kuhusu kelele, joto, maji yanayovuja na iwapo muuzaji aliitikia simu baada ya kulipwa.

Malipo yafanywe kwa awamu kulingana na kazi: sehemu wakati wa kuagiza, sehemu vipande vinapofika vikiwa kamili, sehemu nyumba inaposimama, na kiasi kibakizwe hadi mvua ya kwanza kubwa ipite. Pesa zitumwe kwenye akaunti ya kampuni, zisitumwe kwa simu ya wakala. Mkataba utaje unene wa bati au paneli, aina ya kinga iliyomo ukutani, tarehe ya kukamilisha, na muda wa dhamana.

Mwisho, muuzaji aulizwe swali moja ambalo wengi husahau: paneli ikiharibika baada ya miaka mitano, nyingine ya kipimo hicho itapatikana wapi? Ikiwa jibu ni kwamba itaagizwa upya kutoka ng'ambo, kikundi kinunue paneli mbili za akiba pamoja na nyumba. Ikiwa hakuna jibu, kikundi kitafute muuzaji mwingine.